Figo ni Amana: Dawa za Kisukari baina ya Uvumi na Uthibitisho

(Nakala ya muhadhara uliotolewa baada ya sala ya Tarawehe, Doha, Ramadhani 1447 Hijria. Imenukuliwa kutoka kwenye sauti kwa manufaa ya wanajumuiya ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Shukrani zote anastahiki Allah Subhanahu wa Taala, aliyetufikisha katika mwezi huu mtukufu tukiwa hai. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake, masahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo. Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, mama zetu na dada zetu mlio upande wa pili wa pazia, na nyinyi mnaotufuatilia kutoka Muscat, Mombasa, Unguja na kwengineko: kamati imeniomba nizungumze juu ya kisukari na saumu. Mada hii ina milango mingi, na usiku wa leo nitaingia kwa mlango mmoja tu. Imeenea baina yetu kauli kwamba dawa za kisukari ndizo zinazoua figo. Mtu huambiwa na daktari kuwa ana kisukari, akapewa vidonge, akavitumia mwezi mmoja au miwili, kisha mwenzake wa chumbani akamnong'oneza: "Fulani alikuwa akivimeza hivyo hivyo, leo yuko kwenye mashine." Basi akaviacha. Ikija Ramadhani, yule aliyekuwa akisitasita hupata na sababu ya dini: anasema anapumzisha mwili, na dawa ataziangalia baada ya Idi.

Mimi si tabibu, na sitasimama juu ya mimbari hii kumwandikia mtu dawa. Lakini kauli hii imevaa joho la nasaha ya kidini, na mtu akidhurika kwa nasaha tuliyoisikia tukainyamazia, tuna sehemu ya dhima. Kwa hiyo nimeuliza wanaojua, nikasoma yaliyoandikwa, na ninayotaka kuwaambia ni haya: kwa watu wengi wenye kisukari, kinachoua figo ni sukari na shinikizo la damu vilivyoachwa bila kutibiwa, na baadhi ya dawa zenyewe zimethibitika kuwa ni ngao ya figo. Nani amethibitisha, na kwa njia gani? Hilo ndilo somo letu.

Ndugu zangu, katika Surat al-Hujurat, aya ya sita, Mola wetu anatuamrisha kuichunguza habari kabla ya kuitendea kazi, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Maulamaa wameijenga elimu nzima ya hadithi juu ya msingi huo. Hatukubali neno kwa sababu msemaji wake ni mtu mwema. Tunauliza amelipokea kwa nani, na je, wapokezi wengine wameafikiana naye? Ajabu ni kwamba sisi tulio wakali hivyo katika habari za dini, hulegea katika habari za miili yetu, ilhali mwili nao ni amana tutakayoulizwa.

Sasa tuitazame kauli yenyewe kwa insafu, kwani uvumi unaodumu kwa kawaida huwa una chembe ya ukweli ndani yake. Ni kweli ziko dawa zinazoweza kuumiza figo. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, zikitumiwa kwa mfululizo na mtu ambaye figo zake tayari zimedhoofika, zinaweza kuzimaliza. Na hizo ndizo ambazo ndugu yetu anayefanya kazi ya nguvu kule Sanaiya huzinunua bila kuuliza kila mgongo unapouma. Mitishamba isiyojulikana kipimo wala mchanganyiko nayo ina hatari hiyo. Kisha iko metfomini, kidonge kinachojulikana kuliko vyote. Figo zikidhoofika, daktari hupunguza kipimo chake au hukisimamisha, kwa sababu kidonge hicho hutolewa mwilini kwa njia ya figo na kinaweza kujilimbikiza. Mgonjwa akiona kimesimamishwa husema, "Kumbe ndicho kilichoniharibu." Lakini metfomini haikuziharibu figo; imesimamishwa kwa kuwa zimeshadhoofika kwa sababu nyingine.

Sababu hiyo nyingine ni ipi? Allah ameiumba kila figo ikiwa na vichujio vidogo vipatavyo milioni moja. Kwa siku nzima figo zetu mbili huchuja maji ya damu kiasi cha lita 180, zikarudisha mwilini karibu yote, na kinachobaki kuwa mkojo ni lita moja hadi mbili. Damu inapojaa sukari miaka na miaka, msukumo ndani ya vichujio hivyo hupanda, kuta zake huumia, na protini ambayo ilitakiwa ibaki kwenye damu huanza kuvuja na kutoka na mkojo. Hapo mtu hahisi chochote. Hana maumivu, hana uvimbe, anafanya kazi na kusali Tarawehe kama kawaida. Anapoanza kuvimba miguu na kukosa pumzi, sehemu kubwa ya figo zake imekwisha kupotea, na kichujio kilichokufa hakifufuki. Takriban mtu mmoja kati ya watatu wenye kisukari hupatwa na madhara ya figo. Na hapa tunapoishi jambo hili haliko mbali nasi: uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kwamba karibu 17% ya Wakatari wazima wana kisukari.

Mwisho wa njia hiyo ni kusafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, na kila mara ni saa zipatazo nne. Waliowahi kumtembelea mgonjwa katika Kituo cha Figo cha Fahad bin Jassim, cha Shirika la Tiba la Hamad, wanajua maana yake. Mwenyeji wa nchi ana jamaa zake na serikali yake. Lakini mgeni aliyekuja kutafuta riziki, ambaye ukaazi wake umefungamana na kazi yake, atafanyaje kazi akiwa siku tatu katika wiki yuko kitandani? Wengi hulazimika kurudi nyumbani, na nyumbani huduma hiyo ni ghali na iko katika miji michache. Kumbukeni kwamba upandikizaji wa kwanza wa figo Tanzania ulifanyika Muhimbili mwezi wa Novemba 2017. Kabla ya hapo mgonjwa aliyehitaji figo alipelekwa India. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya kidonge kilichoachwa, tunazungumza juu ya nyumba nzima inayotegemea mshahara wa mtu mmoja.

Tuje kwenye uthibitisho. Mtu akisema "fulani alimeza kidonge, kisha figo zake zikafa," ametuonesha mambo mawili yaliyofuatana, na hajatuonesha kwamba la kwanza ndilo lililosababisha la pili. Huenda figo zake zingekufa hata asingekimeza, na huenda zingekufa mapema zaidi. Tutajuaje? Tutajua kwa kulinganisha. Na njia hii si ngeni katika turathi yetu. Tabibu Abu Bakr al-Razi, aliyefariki mnamo mwaka 313 Hijria, ameandika katika kitabu chake al-Hawi kwamba alipotibu ugonjwa wa sirsam, ambao ni uvimbe wa utando wa ubongo, aliwatoa damu kundi moja la wagonjwa na akaliacha kundi jingine makusudi bila kulitoa, ili apate kuhukumu kwa yakini. Zaidi ya miaka elfu moja imepita, na tib ya leo bado inajengwa juu ya fikra hiyo: makundi mawili yanayofanana, moja lipewe dawa na jingine lipewe kidonge kisicho na dawa ndani yake, nani aingie kundi gani iamuliwe kwa kura, na mgonjwa wala daktari wake asijue ni kipi anachomeza mpaka hesabu ifungwe.

Uthibitisho mkubwa wa kwanza ulikuja mwaka 1993, katika utafiti wa wagonjwa 409 wenye kisukari cha aina ya kwanza. Waliopewa kaptoprili, ambayo ni dawa ya shinikizo la damu, figo zao zilidhoofika polepole kuliko za wale ambao hawakupewa. Mwaka 2001 zikafuata tafiti mbili kubwa juu ya losartani na irbesartani kwa wenye kisukari cha aina ya pili, nazo zikaonesha ulinzi wa namna hiyo hiyo. Ndiyo maana mwenye kisukari huandikiwa kidonge cha "presha" akashangaa. Mara nyingi daktari anakusudia figo zake.

Kisha likaja kundi jipya, dawa ambazo majina yake huishia kwa "gliflozini": kanagliflozini, dapagliflozini, empagliflozini. Asili yake ni ya kutafakari. Mwaka 1835 wanakemia wa Ulaya walitoa kwenye gome la mzizi wa mtufaha kitu kilichoitwa florizini. Baadaye katika karne hiyo hiyo tabibu von Mering aliona kwamba mwenye kupewa kitu hicho hutoa sukari kwenye mkojo. Zaidi ya karne moja ilipita kabla watu hawajakitengeneza upya kikawa kidonge kinachofaa. Dawa hizi hufunga mlango ambao figo huutumia kuirudisha sukari kwenye damu, basi sukari ikatoka na mkojo pamoja na chumvi kidogo. Chumvi hiyo ikipita, figo hubana mshipa unaoingiza damu kwenye kichujio, na ule msukumo uliokuwa ukikiumiza hushuka. Zilibuniwa ili zishushe sukari, na watafiti wakaona zinafanya zaidi ya hapo.

Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya utafiti ulioitwa CREDENCE, wa watu 4,401 wenye kisukari cha aina ya pili na figo zilizokwisha kuumia, wote wakiwa tayari wanatumia zile dawa za shinikizo nilizozitaja. Nusu waliongezewa kanagliflozini, na nusu wakaongezewa kidonge kitupu. Katika kila watu 1,000 waliofuatiliwa kwa mwaka, waliofikwa na yale mabaya yaliyokuwa yakihesabiwa, yaani figo kushindwa kabisa, nguvu zake kupungua kwa nusu, au kifo kilichotokana na figo au moyo, walikuwa 61 katika kundi la kidonge kitupu na 43 katika kundi la dawa. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake, kwa sababu faida ilikuwa imeshadhihiri. Mwaka 2020 ukafuata DAPA-CKD, wa watu 4,304 na dawa ya dapagliflozini: mabaya hayo yalipungua kwa 39%, hata kwa wagonjwa wa figo wasio na kisukari. Kisha EMPA-KIDNEY, uliosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oxford, watu 6,609, na upungufu wa 28%. Na mwaka 2024 ukatoka FLOW, wa watu 3,533, juu ya semaglutidi, ile sindano ya mara moja kwa wiki ambayo wengi mnaijua kwa jina la Ozempic. Nao ulisimamishwa mapema, na upungufu ulikuwa 24%.

Sisi tuliosoma elimu ya hadithi tunayo mizani ya kutufaa hapa. Habari ikija kwa njia moja tunaichunguza. Ikija kwa njia nyingi mbalimbali, kwa wapokezi wasiokutana, na zote zikaafikiana katika maana, nafsi hutulia. Hizi ni nchi tofauti, watu tofauti, dawa zaidi ya moja, na mwelekeo ni mmoja. Lakini mizani hiyo hiyo inatutaka tuseme na kasoro zake. Tafiti hizi ziligharimiwa na makampuni yanayoziuza dawa zenyewe, na mpokezi mwenye maslahi huchunguzwa zaidi. Ndiyo maana usimamizi wa vyuo vikuu na kamati huru za kufuatilia matokeo una uzito. Pia watu weusi walikuwa wachache ndani yake: katika CREDENCE walikuwa takriban 5% tu. Na dawa hizi hupunguza mwendo wa maradhi, haziyaondoi. Mwenye kukuahidi kupona kabisa, ama kwa kidonge au kwa chupa ya mizizi, mtilie shaka.

Liko jambo moja la kitaalamu ambalo nawaombeni mlishike, kwa sababu hapo ndipo uvumi huzaliwa upya kila siku. Mgonjwa akianza gliflozini, katika wiki za mwanzo kipimo cha damu huweza kuonesha kwamba nguvu ya figo imeshuka kidogo. Mtu akiiona karatasi hiyo atasema, "Nilijua tu!" Na mwenye kutazama wiki nne tu atakuwa na ushahidi mkononi. Lakini waliofuatiliwa kwa miaka walionekana hivi: wasiotumia dawa waliendelea kuporomoka, na waliotumia walishuka kidogo mwanzoni, kisha mteremko wao ukawa wa polepole sana. Ule mshuko wa mwanzo ni dalili kwamba msukumo ndani ya kichujio umepungua, na hilo ndilo lililotakiwa. Fikirini msafara wa ngamia: anayepunguza mwendo mapema huonekana amechelewa siku ya kwanza, na ndiye anayefika. Hata hivyo, kupima kiasi cha mshuko huo na kuamua kama umevuka mpaka ni kazi ya daktari. Wewe usiamue peke yako, na jirani yako asikuamulie.

Imepokewa na Abu Dawud kutoka kwa Jabir (r.a.) habari ya mtu aliyejeruhiwa kichwani akiwa safarini, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenziwe kama anayo ruhusa ya kutayamamu, wakamwambia hawaoni kuwa anayo, naye anayaweza maji. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) alighadhibika juu yao ghadhabu kubwa, na akabainisha kwamba aliyeshindwa kujua dawa yake ni kuuliza. Wale walikuwa watu wa dini, na nia yao ilikuwa njema. Nia njema haikumrudishia mwenzao uhai. Tuikumbuke hadithi hiyo kila tunapotaka kusambaza ujumbe wa sauti kwenye simu usemao "acha dawa, tumia hiki".

Wako watakaosema kuwa kutafuta dawa kunapunguza tawakkul. Mabedui walimuuliza Mtume (s.a.w.) swali hilo hilo, kama alivyopokea Usama bin Sharik, naye akawaamrisha wajitibu, akawajulisha kwamba Allah hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa uzee. Gome la mtufaha lilikuwepo tangu zamani; kilichokosekana ni mtu wa kulitafuta.

Sasa tuingie kwenye saumu. Aya za 184 na 185 za Surat al-Baqara zimempa ruhusa mgonjwa, na Mola amebainisha kwamba anatutakia wepesi. Jopo la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 19 kilichofanyika Sharjah mwaka 2009, lilitoa uamuzi mahsusi juu ya kisukari na saumu. Liliwagawa wagonjwa katika makundi manne kwa kadiri ya hatari, na kwa makundi mawili ya mwanzo, ambayo madaktari waaminifu wanaona madhara yake ni ya hakika au yana uwezekano mkubwa, likasema mgonjwa inamlazimu kula na haimfalii kufunga. Angalieni neno hilo: inamlazimu. Anayefunga ilhali yuko katika kundi hilo asidhani ameongeza ucha Mungu.

Na hatari hiyo imepimwa. Utafiti wa EPIDIAR uliwahusisha wagonjwa 12,243 katika nchi 13 za Kiislamu au zenye Waislamu wengi. Kwa wenye kisukari cha aina ya pili, matukio ya sukari kushuka vibaya katika Ramadhani yaliongezeka takriban mara saba na nusu kuliko miezi mingine. Kwa hiyo yashikeni haya machache. Kupima sukari kwa kutoboa kidole hakubatilishi saumu. Pima mchana bila wasiwasi. Sukari ikishuka chini ya 3.9, au 70 kwa kipimo kingine, fungulia papo hapo hata kama zimebaki dakika kumi kabla ya Magharibi. Ikipanda juu ya 16.6, ambayo ni 300 kwa kipimo kingine, pia fungulia na utafute msaada. Ambaye maradhi yake yanatarajiwa kupungua atalipa siku nyingine. Ambaye hatarajii kuweza kufunga atamlisha maskini kwa kila siku. Mlango umefunguliwa na Mwenye nyumba, na anayeupita haibi kitu.

Ninamalizia na jambo la utafiti wenyewe. Kila nambari niliyoitaja ni mtu. Ni mtu aliyekubali kutojua kama anameza dawa au unga mtupu, ili wengine wapate kujua. Hapa Doha pia wagonjwa wa Hamad walikubali kufuatiliwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliolinganisha dawa mbili kwa pamoja na sindano za insulini katika kudhibiti sukari. Je, Mwislamu anaruhusiwa kuingia katika jambo hili? Jopo la Fiqhi, katika kikao chake cha saba kule Jeddah mwaka 1992, liliweka masharti: mtu awe na akili timamu na hiari kamili, asilazimishwe, asivutwe kwa fedha kwa sababu ya umaskini wake, na isimletee madhara. Masharti hayo yanatuhusu sisi wageni kuliko wengine. Ukiombwa, soma karatasi au usomewe kwa lugha unayoielewa, uliza ni kamati gani imeupitisha utafiti huo, na ujue una haki ya kujitoa siku yoyote. Yakitimia hayo, kukubali kunaweza kuwa sadaka inayoendelea. Tukilalamika kwamba dawa hazikupimwa kwa watu wetu, na kila tukialikwa tunakimbia, tumlaumu nani?

Wasia wangu kwenu ni huu. Aliye na kadi ya afya aende kituo chake aombe vipimo viwili: damu ya kupima kazi ya figo, na mkojo wa kupima protini. Mwenye kisukari anatakiwa avifanye kila mwaka. Siku ya Figo Duniani, ambayo ni Alhamisi ya pili ya Machi, mwaka huu inaangukia ndani ya mwezi huu mtukufu. Iwe ndiyo ahadi yenu. Na mnapopiga simu nyumbani kumuuliza mama hali, msiishie kwenye "unakula vizuri?" Muulizeni kama mkojo wake umewahi kupimwa. Gliflozini ziliingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, na India imekuwa ikitengeneza dapagliflozini ya bei nafuu tangu hataza yake ilipokwisha huko mwaka 2020. Baadhi ya fedha tunazotuma kwa ajili ya sherehe zingetosha kumlinda mzazi kwa miezi mingi.

Maswali

Swali (kutoka upande wa akina mama): Sheikh, mume wangu anatumia dapagliflozini, na anakwenda haja ndogo mara kwa mara. Ninahofia kiu ya mchana. Aiache mpaka Idi?

Jibu: Allah akulipe kwa kumjali, mama. Asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe. Miongozo ya wataalamu wa kisukari na Ramadhani inaelekeza kwamba aliyekwisha kuizoea aitumie wakati wa futari na anywe maji ya kutosha baina ya futari na daku. Wanashauri isianzwe katikati ya Ramadhani, ianzwe wiki mbili hadi nne kabla yake. Akipatwa na kutapika, kuharisha au homa, afungulie na ampigie daktari siku hiyo hiyo, kwani katika hali hiyo dawa hii kwa kawaida husimamishwa kwa muda. Na mzee sana, au mwenye dawa za kutoa maji mwilini, ana hukumu yake. Mpeleke kwa daktari kesho, na uende naye.

Swali: Sheikh, sindano ya wiki inabatilisha saumu?

Jibu: Jopo la Fiqhi liliamua katika kikao cha kumi, Jeddah 1997, kwamba sindano za chini ya ngozi na za msuli ambazo si za lishe hazibatilishi saumu. Hii ni miongoni mwazo. Mwenye kutaka kujitoa katika khilafu za maulamaa ajidunge usiku. Sindano ni moja kwa wiki, na usiku ni mwingi.

Swali: Na anayeona haya kumwambia mwajiri wake kwamba ana kisukari?

Jibu: Si lazima kumwambia kila mtu. Lakini mmoja anayefanya kazi karibu nawe ni lazima ajue, ili sukari ikikushuka akupe kitu kitamu, asidhani umelala. Kuficha maradhi kwa watu wote ni kujinyima msaada ambao Allah ameuweka karibu nawe.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, hapa ugenini na kule nyumbani. Wape subira walio kwenye mashine, na uwafanyie wepesi wanaowahudumia. Warehemu waliotutangulia kwa maradhi haya. Tujaalie elimu yenye manufaa, na utuepushe tusiwadhuru ndugu zetu kwa ndimi zetu. Takabali saumu ya aliyefunga, na fidya ya aliyeshindwa kufunga. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.